Kutafuta Hewa Katika Mawe ya Mbali

Tarehe 1 Septemba, 2016, siku ya Alhamisi, tulikuwa Makambako kwa shughuli za Chama. Tulikuwa tumetoka Unguja siku chache kabla, tukapita Iringa kwa njia kuu iendayo Zambia, na habari za mbinguni hatukuwa nazo nyingi zaidi ya zile zilizokuwa zikitangazwa redioni: kwamba siku hiyo mwezi ungepita mbele ya jua, na kwamba wakazi wa ukanda mwembamba wa kusini mwa nchi yetu ndio watakaoiona pete. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa amewaeleza wananchi jambo hilo mapema, na wageni wengi walikwenda Rujewa, wilayani Mbarali, kulishuhudia. Sisi hatukufika Rujewa. Mkutano wetu ulikuwa Makambako, nayo Makambako ilikuwa ndani ya ukanda huo huo. Huku visiwani siku ile jua lilimegwa tu; kule lilibaki duara jembamba la moto lililozunguka duara jeusi.

Adhuhuri ilikuwa haijafika. Mwanga ulipungua pasipo wingu, ubaridi ukashuka, na wajumbe waliokuwa wakibishana juu ya ajenda wakanyamaza. Mwenzetu mmoja alikuwa na miwani ya karatasi ya kutazamia jua, nasi tukaipokezana kwa zamu, viongozi na madereva sawasawa.

Lakini jambo lililobaki moyoni mwetu si pete hiyo. Ni shule moja, ambayo hatutaitaja, iliyokuwa hatua chache kutoka pale tulipokusanyika. Watoto wa shule hiyo walifungiwa madarasani na madirisha yakazibwa mpaka jua liliporudi katika hali yake. Mwalimu aliyetoa amri hiyo hakuwa mtu mbaya. Alihofia macho ya watoto, na hofu hiyo ni ya haki, kwani anayelikodolea jua macho makavu wakati wa kupatwa anaweza kuharibikiwa na macho asipate dawa. Hata hivyo, uwanjani mwa shule hiyo hiyo ulikuwepo mti mkubwa, na chini ya mti huo kila mwanya baina ya majani ulikuwa umechora pete ndogo ya nuru ardhini. Zilikuwa mamia ya pete juu ya vumbi, salama kwa jicho la mtoto yeyote, na hapakuwa na mtoto hata mmoja wa kuzitazama.

Tumelikumbuka jambo hilo tena na tena kila tunapopata habari za kazi inayofanywa na wataalamu wa nyota katika miaka hii, kazi ya kuchungua iwapo sayari ndogo za mawe zilizo katika nyota nyingine zina hewa au hazina. Wengi wetu tunaidhani kuwa elimu ya miujiza isiyofikiwa na akili ya mtu wa kawaida. Sivyo. Msingi wake ni ule ule uliokuwa juu ya Makambako asubuhi ile: kitu cheusi kinapita mbele ya kitu chenye nuru, na mtazamaji anapima kilichopungua na kilichobaki pembezoni.

Msomaji aliyepata kuitazama pete ile kwa miwani atakumbuka kwamba ukingo wa mwezi ulikuwa mkali kama makali ya kisu. Haukuwa na ukungu, wala utando, wala rangi. Sababu ni kwamba mwezi ni jiwe tupu lisilo na hewa ya maana. Nuru ya jua ama huupiga ikazuiliwa, ama huupita bila kuguswa. Sasa tulinganishe na usiku wa tarehe 7 Septemba, 2025, mwezi ulipopatwa wote, na palipokuwa na anga safi ukaonekana mwekundu kama shaba. Siku hiyo ilikuwa zamu ya dunia yetu kusimama mbele ya jua. Kama dunia ingekuwa jiwe tupu, mwezi ungepotelea gizani kabisa. Lakini dunia imevikwa hewa, na hewa hiyo iliipinda nuru ya jua, ikachuja samawati na kuacha wekundu, ikaumwagia mwezi. Mtu ambaye angekuwa mwezini saa ile angeuona mviringo mwekundu ukiizunguka dunia, nao ndio wekundu wa macheo na machweo yote ya ulimwengu yaliyokuwa yakitokea kwa wakati mmoja.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kufa mtu wala kuzaliwa mtu, na kwamba wakati huo husaliwa. Tulifundishwa pia kuutazama weupe wa alfajiri na wekundu wa magharibi, kwa kuwa ndizo alama za nyakati za sala. Hakuna aliyetuambia, wala hatudhani kwamba mwalimu wetu alipata nafasi ya kuambiwa, kwamba alama hizo mbili ni kazi ya hewa. Mahali pasipo hewa hapana alfajiri. Jua huchomoza ghafla katika weusi, na huzama ghafla katika weusi.

Jioni ya siku ile ya pete tulipanda Njombe. Ni mwendo wa kilomita kama 60 kutoka Makambako, na mji wenyewe umo katika kimo kinachokaribia mita 2,000 juu ya bahari. Mtu wa pwani huko hutambulika upesi, maana ndiye anayetetemeka. Mama aliyetukaribisha alikuwa amebandika maharage tangu mchana, na sisi, kwa njaa ya safari, tukamwuliza kwa adabu kama bado hayajaiva. Akacheka. Alisema, "Wageni, maji ya huku yanachemka lakini hayana moto. Ya kwenu huko chini ndiyo yana moto." Tulidhani ni mzaha. Baadaye tukatambua kwamba mama huyo alikuwa amesema fizikia iliyo sahihi. Hewa ya Njombe ni nyepesi kuliko ya Unguja, haiyakandamizi maji kwa nguvu ile ile, na kwa hiyo maji huchemka yafikapo nyuzi 93 au 94 badala ya 100. Maharage yanaiva kwa joto, hayaivi kwa mapovu.

Mama huyo alitueleza na jambo la pili. Katika miezi ya Juni na Julai, usiku wenye mawingu hauwatii hofu wakulima. Usiku wa kuogopwa ni ule wa nyota nyingi na anga jeupe, kwani ndipo sakitu inaposhuka na kuunguza majani ya viazi. Ardhi huota joto mchana, na usiku hulitupa joto hilo juu. Wingu na unyevu wa hewa hulirudisha sehemu yake, kama blanketi. Blanketi likiondolewa, ardhi hupoa mpaka umande unaganda.

Tunayaeleza haya kwa urefu kwa sababu mizani miwili ya wataalamu imo ndani yake. Mizani wa kwanza ni wa nuru ipitayo pembezoni mwa sayari, kama ulivyokuwa mwezi mwekundu. Mizani wa pili ni wa joto la mchana na la usiku, kama lilivyo shamba la viazi la Njombe.

Mzani huo wa pili ndio ulioleta jibu la kwanza lililo wazi. Mwaka 2019 jopo lililoongozwa na Laura Kreidberg lilitangaza vipimo vya sayari iitwayo LHS 3844 b, iliyo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 49. Na mwaka mmoja wa nuru ni safari ya kilomita zinazokaribia trilioni 9 na nusu. Walitumia darubini ya angani ya Spitzer ya Marekani, ambayo ilikuwa ikiona mionzi ya joto isiyoonekana kwa jicho. Sayari hiyo huielekezea nyota yake upande mmoja daima, hivyo upande mmoja ni mchana usiokwisha na wa pili ni usiku usiokwisha. Kama ingekuwa na hewa nzito, pepo zingechukua joto la mchana na kulipeleka usikuni. Walichokuta ni mchana wa nyuzi zipatazo 770, na usiku ambao joto lake halikuweza hata kupimika. Blanketi hakuna. Jiwe lenyewe linaonekana kuwa jeusi kama mawe ya volkano.

Spitzer ilizimwa Januari, 2020. Iliyochukua nafasi ya mbele ni darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba, 2021 kutoka Kourou, katika Guyana ya Kifaransa. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, kimeundwa kwa vipande 18 vilivyopakwa dhahabu, na makazi yake ni umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa tulipo. Habari hiyo ilitangazwa kila mahali kuwa ni kazi ya Marekani, Ulaya na Kanada, na ni kweli. Ambalo halikusikika sana ni kwamba, darubini ilipoachana na roketi na kufungua bawa lake la kupokelea nguvu za jua, kituo kilichoandaliwa kuunganisha mawasiliano nayo ili ipokee amri zake za kwanza kilikuwa Malindi, katika pwani yetu hii hii.

Malindi haikuanza jana. Kutoka kwenye jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini na Waitalia mbele ya Ngomeni, ilirushwa tarehe 12 Desemba, 1970 setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka mbinguni. Siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Vitabu vya wataalamu wa dunia nzima vinalitaja jina hilo mpaka leo, na katika orodha yake iliacha vyanzo 339 vya mionzi hiyo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Na wazee wa Unguja hawajasahau kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya angani kilichokuwa Tunguu, kilichosaidia kumfuatilia John Glenn alipoizunguka dunia mwaka 1962, na ambacho kiliondolewa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Hatusemi kwamba waliotaka kiondoke walikosea. Wakati ule kila chuma cha mgeni kilikuwa na shaka yake, na nchi changa ina haki ya kushuku. Twasema tu kwamba anga la juu ya bahari hii limekwisha kutumiwa na wengine kwa miaka zaidi ya sitini, na wengi wetu hatuijui hata nusu ya habari hiyo.

Turudi katika mawe. Nyota inayotazamwa kuliko zote katika kazi hii ni TRAPPIST-1, iliyo katika kundi la Ndoo, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 40. Mwaka 2017 Michaël Gillon wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba nyota hiyo ina sayari saba zenye ukubwa unaokaribiana na wa dunia. Darubini zinazobeba jina hilo ni mbili, moja iko La Silla, Chile, na nyingine iko Oukaïmeden, Moroko, katika bara letu. Nyota yenyewe ni ndogo na nyekundu. Upana wake haumzidi sana Mshtarii. Sayari zake zinaizunguka kwa karibu mno, ya ndani kabisa kwa siku moja na nusu, na ya nje kabisa kwa siku zisizofika 19.

Udogo wa nyota ndio faida. Sayari ikipita mbele ya jua kubwa kama letu, kivuli chake ni kama sisimizi mbele ya karabai. Ikipita mbele ya TRAPPIST-1, nuru hupungua kwa kiasi cha sehemu saba katika elfu, na hilo linapimika. Lakini sehemu inayotokana na hewa yenyewe, ule utando mwembamba wa pembezoni, ni makumi machache tu ya sehemu katika milioni. Ndipo darubini inapoitawanya nuru katika rangi zake, kama mvua inavyofanya upinde, na mtaalamu anatafuta rangi zilizopungua kidogo zaidi ya nyingine. Kila aina ya hewa hula rangi zake. Hewa ya ukaa ina zake, mvuke wa maji una zake, na methani ina zake.

Matokeo yamekuwa ya kuvunja moyo kwa wale waliotaka habari tamu. Mwaka 2023 Thomas Greene na wenzake walipima joto la sayari ya kwanza, TRAPPIST-1 b, wakakuta mchana wake una nyuzi zipatazo 230, kiasi kinacholingana na jiwe lisilo na hewa ya kugawa joto. Mwaka huo huo sayari ya pili, c, ilikutwa na nyuzi zipatazo 110, na tumaini la hewa nzito ya ukaa kama ya Zuhura likaondoka. Vipimo vya baadaye vya b kwa mionzi ya aina nyingine vilizua ubishi, kwa kuwa hata hewa yenye ukungu ingeweza kutoa namba zilezile. Nasi twaupenda ubishi huo, maana unaonyesha watu wanaopima mara mbili kabla ya kutangaza. Mwaka 2025 ikaja zamu ya d, na hewa kama yetu haikuonekana.

Imebaki e, ambayo kwa umbali wake ingeweza kuwa na maji ya majimaji juu ya uso wake iwapo tu ina hewa ya kuyafunika. Taarifa za mara nne za kwanza ilipopita mbele ya nyota yake zilitolewa Septemba, 2025. Zinaondoa uwezekano wa hewa nyepesi ya haidrojeni aliyozaliwa nayo sayari hiyo, wala hazithibitishi kitu kingine. Kikwazo ni nyota yenyewe: ina madoa, ina milipuko, na madoa hayo huiga dalili za hewa. Hila waliyobuni wataalamu kukabiliana nalo ni ya busara. Wanazitazama b na e zinapopita moja nyuma ya nyingine. Kwa kuwa b inaelekea kuwa jiwe tupu, dalili yoyote inayoonekana katika zote mbili ni ya nyota, na inayobaki kwa e peke yake ndiyo ya kuhojiwa. Mfanyabiashara wa karafuu hulijua jambo hili. Hupima gunia tupu kwanza.

Palipoonekana dalili yenye nguvu zaidi ya hewa ni mahali ambapo hakuna mtu angetamani kuishi. Mwaka 2024 jopo la Renyu Hu lilitangaza kwamba 55 Cancri e, yenye upana unaokaribia mara mbili ya dunia na mwaka usiotimia saa 18, haina moto wa mchana unaotarajiwa kwa jiwe tupu, na huenda ina hewa ya kaboni inayotoka katika bahari ya mawe yaliyoyeyuka. Hewa ipo, yaelekea, lakini ni moshi wa tanuri.

Na kazi haijasimama. Mwaka 2024 iliamuliwa kwamba muda wa saa 500 wa darubini ya Webb utengwe kwa ajili ya kupima joto la sayari kadhaa za mawe zinazozunguka nyota nyekundu, ili ijulikane zipi zimehifadhi hewa na zipi zimenyang'anywa na milipuko ya nyota zao. Nyota nyekundu ndizo nyingi kuliko zote mbinguni. Ikiwa mawe yake yote ni matupu, basi alfajiri ni kitu adimu kuliko tulivyodhani.

Wapo watakaotuuliza, na tumekwisha kuulizwa barazani, kwamba mtu wa Makunduchi au wa Micheweni anapata nini katika habari hizi, wakati bei ya mwani iko chini na maji ya bomba hayatoki kila siku. Swali hilo ni la haki na hatulibezi. Hatutadai kwamba darubini italeta maji. Lakini mtoto wa huyo mkulima wa mwani amekaa darasani, anafundishwa kwamba hewa ni mchanganyiko wa gesi kadhaa, anakariri asilimia zake kwa ajili ya mtihani, na hajawahi kuambiwa kwamba maharage ya Njombe, wekundu wa mwezi na saa za sala zake vyote vinatoka humo. Elimu ya namna hiyo haihitaji roketi. Yahitaji mwalimu aliyeruhusiwa kuwatoa watoto nje.

Kwa hiyo tunalo ombi kwa maofisa wa elimu wa pande zote mbili za Muungano, nao wanayo nafasi ya kutosha. Tarehe 21 Mei, 2031, asubuhi, mwezi utapita tena mbele ya jua na kuacha pete, na njia yake itakatisha Angola, Zambia, Kongo na Tanzania kabla ya kuvuka bahari kwenda Bara Hindi. Visiwani nako jua litapatwa. Waraka uandikwe mapema, usingoje juma la mwisho. Ukataze kulitazama jua kwa macho makavu, na ukataze vilevile kufunga madirisha. Uagize kila darasa liwe na kipande cha boksi kilichotobolewa kwa pini na karatasi nyeupe ya kuwekwa chini yake, na watoto wakiwa wamelipa jua mgongo waitazame pete au hilali katika karatasi hiyo, kisha waulizwe kwa nini ukingo wa mwezi hauna ukungu.

Tumeangalia kalenda. Siku hiyo ni Jumatano, siku ya masomo.